Picha za chini ya ziwa ni sanaa, zichapishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nijibu hoja iliyotolewa humu humu hivi karibuni. Msomaji mwenzangu, akiijadili sanaa ya picha hapa nchini, aliandika kwamba picha zinazopigwa chini ya maji, hasa zile za watu waliovaa nguo ndefu wakielea, ni mapambo ya kuta za hoteli. Alisema kazi yote hufanywa na kamera ya bei mbaya, mpiga picha hubaki kubonyeza tu. Akamalizia kwamba picha ya kweli ya ziwa ni mvuvi, mtumbwi na jua linalozama.

Barua ile niliirudia kuisoma. Mwenzangu anaipenda sanaa, hilo halina ubishi, na ninamjibu kwa heshima. Lakini mimi ni mzamiaji. Nimezaliwa Katonga, hapa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, na watoto wangu wamesoma kwa kazi ya chini ya maji. Kwa miaka mingi nilikuwa nikikamata samaki wa mapambo, wale wadogo wa kwenye mawe wanaosafirishwa wakiwa hai kwenda ng'ambo kufugwa kwenye matangi ya vioo. Kamera niliishika ukubwani. Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo nalijua vizuri, na nakubali kwamba linapendeza. Ila picha ile ni ya anga. Ziwa lenyewe limo humo kwa ajili ya kuakisi mwanga tu.

Na ziwa lenyewe ni jambo kubwa. Watoto wa shule wanazijua hesabu zake: urefu wa kilomita 670 hivi, kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Kisichosemwa sana ni kwamba sehemu kubwa ya maji hayo ni giza lisilo na oksijeni. Samaki wanaishi katika tabaka la juu, mita mia moja hadi mia mbili hivi, na wale wenye rangi za kushangaza wako karibu kabisa na sisi, kwenye mawe ya ufukweni, kina ambacho kijana wa Bangwe anakifikia kwa pumzi moja. Wa ukoo wa perege peke yao wamepita aina 200, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Nimewafunga kwenye mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, wakapanda ndege. Wako wafugaji Ujerumani wanaojua samaki fulani ametoka kwenye mawe gani ya mwambao wetu, anakula nini, anataga wapi. Mtoto wa Mwanga au Ujiji, anayelala kilomita chache tu kutoka kwenye mawe hayo, hajawahi kumwona hata mmoja akiogelea. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonitia kamera mkononi.

Sasa tuje kwenye hili la kamera kufanya kazi yote.

Maji hula rangi, na huanza na nyekundu. Ukishuka mita tano wekundu umeshafifia; ukifika kumi, kitenge chekundu kimekuwa cha kahawia, na ukizidi kushuka kinakuwa cheusi. Rangi ya chungwa hufuata, kisha njano. Bluu ndiyo hudumu. Mpiga picha aliyeko chini analazimika kuamua kabla hajabonyeza chochote: airudishe rangi kwa flashi, au auache ubluu utawale? Akiwasha flashi iliyo karibu na lenzi, kila chembe ya vumbi iliyomo majini inawaka, picha inajaa madoa meupe. Basi flashi zinasogezwa pembeni kwenye mikono mirefu, zinaelekezwa ili mwanga umguse mhusika kwa ukingo wake tu. Tena maji yanadanganya macho: kitu kinaonekana kikubwa kwa theluthi moja na kiko karibu kwa robo zaidi ya kilivyo. Huwezi kusimama mbali ukavuta kwa lenzi kama tunavyofanya kwenye harusi, maana maji yaliyo katikati yatakuharibia kila kitu. Unamsogelea mtu mpaka unakaribia kumgusa, halafu unatumia lenzi ya pembe pana.

Kisha kuna jambo ambalo mtu wa nchi kavu hawezi kulipata kwa fedha yoyote. Ukiwa chini ukatazama juu, mbingu yote, milima, mtumbwi na aliyesimama ufukweni wanakusanyika ndani ya duara moja la mwanga lenye upana wa digrii 97 hivi. Nje ya duara hilo uso wa maji unageuka kioo, unaakisi mawe na mchanga wa chini. Kwa hiyo mtu akielea karibu na uso wa maji, utampata yeye, na juu yake utampata mwenziwe aliyepinduka, uso kwa uso, wakigusana vidole. Hakuna kompyuta iliyoingia hapo. Kinachotakiwa ni kujua usimame wapi, saa ngapi, na pumzi yako inatosha kiasi gani.

Saa nayo ina hesabu zake kwetu. Ziwa letu linatazama magharibi, na milima iliyo nyuma yetu huchelewesha jua la asubuhi. Mimi hushuka kati ya saa tano na saa nane, jua likiwa karibu na utosi. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua hupita juu kabisa ya Kigoma, na maji yakiwa safi miale hushuka wima mpaka kwenye mchanga. Kiangazi, upepo wa kusini unaweza kukuharibia wiki nzima. Masika, mito huleta tope. Ninayemjibu aniambie ni kamera gani inayoyajua hayo.

Waliotangulia katika sanaa hii walihangaika. Mwaka 1893 Mfaransa Louis Boutan alishuka na kamera katika maji ya Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa, na picha zake za mwanzo ziliweza kuchukua hadi nusu saa kila moja kwa uchache wa mwanga. Mwaka 1926, kwenye visiwa vya Dry Tortugas, Florida, mwanasayansi William Longley na mpiga picha Charles Martin walipata picha ya kwanza ya rangi iliyopigwa chini ya maji. Waliweka unga wa magnesiamu kwenye chelezo kinachoelea, wakaulipua juu ya maji ili mwanga ufike chini pale kamera ilipokuwa inafunguka. Nikisoma habari hiyo nawaona wavuvi wetu wa dagaa usiku wa giza, wameweka taa juu ya maji ili kilicho chini kije kwenye mwanga. Babu zetu wa karabai na wale wawili wa Florida walikuwa wakiliwaza jambo moja.

Na kama mwenzangu anatafuta ushahidi kwamba nguo ndefu majini inaweza kuwa sanaa, amtafute Toni Frissell wa Marekani. Mwaka 1947 alimpiga picha mwanamke mwenye gauni refu jeupe akielea katika chemchemi ya Weeki Wachee, Florida. Picha ni nyeusi na nyeupe. Haina samaki, haina rangi, haina mandhari ya kutangazia utalii. Ni mwili, gauni na maji, na mpaka leo watu bado wanaitazama.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye wa kwanza niliyempiga picha chini ya ziwa akiwa amevaa kitenge. Ni mtoto wa ufukweni, ameogelea tangu hajaanza shule. Tulichagua mahali penye mchanga mweupe katikati ya mawe, kina cha mita tatu hivi. Mdogo wangu alikaa pembeni na miwani ya kuzamia, kazi yake ikiwa moja tu, kumwangalia binti, asiiangalie kamera hata kidogo. Bila mtu wa namna hiyo mimi sipigi picha ya mtu majini. Maji yasiyo na chumvi hayabebi mwili kama ya bahari, kwa hiyo anashuka kirahisi, lakini kitenge kikilowa kinavuta, na nguvu zinaisha upesi.

Nchi kavu kitenge kinafuata mwili. Chini ya maji kila mkunjo unachelewa. Mkono umeshafika juu, kitambaa bado kiko njiani. Kiuno kimegeuka, pindo linaendelea na safari yake ya zamani. Nilichojifunza ni kutompiga picha wakati anatembea, bali sekunde mbili baada ya kusimama, pale nguo inapokuwa hai na yeye ametulia. Katika picha ninayoipenda amefumba macho, kitenge kimefunguka nyuma yake mpaka mwisho wa fremu, na samaki wadogo watatu wamekuja kulidonoa pindo. Wekundu wa kitenge umebaki kifuani tu, ambako flashi ilimgusa. Miguuni kila kitu ni bluu. Alipotoka kuvuta pumzi akaniambia, "Mjomba, nikikaa kule chini sisikii hata honi za bodaboda." Nikamwambia ashuke tena, akae, asahau kwamba mimi niko.

Dada yangu aliuliza swali la heshima ya mtoto, na lilikuwa swali la haki. Nilimwonyesha picha za Nungwi, Zanzibar. Anna Boyiazis aliwapiga picha wasichana na wanawake wa kule wakijifunza kuogelea wakiwa wamejisitiri kuanzia kichwani hadi miguuni, na mwaka 2018 kazi hiyo ilipata tuzo ya World Press Photo. Hakuna aliyevuliwa staha. Dada alizitazama kwa muda mrefu, akaniuliza wale mabinti sasa wanajua kuogelea? Nikamwambia ndiyo kilichokuwa kinafanyika. Akasema basi kitenge kifungwe vizuri kiunoni, na akachagua yeye mwenyewe kipi kivaliwe.

Lakini picha ninayoithamini kuliko zote haina mtu wala vazi.

Maji ya ziwa yamepanda miaka hii ya karibuni, watu wa mialo ya Kigoma hawahitaji kuambiwa. Nyumba za karibu na maji zilifunikwa, watu wakang'oa mabati wakahama. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa ameijenga yake kwa tofali za saruji enzi za ujana wake. Ilipoingia ziwani alihamia kwa mwanawe, juu kilimani. Siku moja alinikuta nikisafisha kamera. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa.

"Kijana wangu, wewe si unaingia kule?"

"Naingia, Mzee."

"Basi nipigie kizingiti changu nikione."

Kizingiti kiko kwenye kina cha mtu mzima aliyenyoosha mkono juu. Mlango uling'olewa, fremu imebaki. Saruji ya ngazi imeota ukoga mfupi wa kijani, na samaki wadogo wa mawe wameugawana. Kila mmoja ana kipande chake, anakiparura kwa midomo, na jirani akivuka mpaka anafukuzwa papo hapo. Kwenye ngazi ya juu kuna alama ya unyayo wa mtoto, iliyoachwa saruji ilipokuwa mbichi. Vidole vyote vitano vinaonekana. Ukoga haujaota ndani yake kama pembeni, sijui ni kwa ajili ya kivuli au kwa sababu samaki mmoja mwenye mistari amepafanya kwake na anapasafisha.

Nilisubiri upepo ukate ili tope litulie. Flashi sikutumia. Nilitaka mwanga uingie kwa kupitia pale paa lilipokuwa, uangukie kizingiti kutoka upande wa ndani ya nyumba, kwa sababu ndivyo Mzee alivyokuwa hawezi kukiona alipokuwa anaishi humo; wakati ule nuru ilitoka nje kuingia ndani. Picha yote ni bluu, isipokuwa ule unyayo ulio mweupe kidogo. Nilipompelekea hakusema kitu kuhusu sanaa. Alisema, "Huo ni mguu wa binti yangu mkubwa, yule wa Tabora. Nilimchapa siku ile." Akauliza samaki yule anaitwaje. Kisha akaniagiza nimtolee kubwa aitundike sebuleni kwa mwanawe, wajukuu wakiuliza walikotoka waonyeshwe.

Mwingereza Nick Brandt, ambaye amepiga picha nyingi za wanyama wa Afrika Mashariki, mwaka 2023 alionyesha picha alizozipiga chini ya bahari huko Fiji. Watu wameketi kwenye viti na makochi sakafuni mwa bahari, wakiwawakilisha wale watakaopoteza makazi maji yakipanda. Ni kazi nzito, naiheshimu. Pale samani zilishushwa ili picha ipatikane. Kigoma hatukuhitaji kushusha kitu. Mwenzangu aliyeandika kwamba picha za namna hii ni za hoteli, naomba aitafakari nyumba ya Mzee, halafu aniambie mvuvi na jua lake vingeyasemaje hayo.

Nieleze pia tofauti ninayoiona mimi, kwa sababu nimezifanya kazi zote mbili. Nilipokuwa nakamata samaki wa mapambo, wanunuzi walitaka picha ya ubavu: samaki amenyooka, mapezi yamefunguka, rangi zote zinahesabika. Hiyo ni picha ya kitambulisho na ina faida yake, watafiti nao wanaihitaji. Picha ya sanaa inataka kujua samaki yule anaishije, na mimi ninayemtazama ninaguswaje. Mfano ni kuhe, samaki wa ukoo ule ule wa perege. Hapa kila mtu anamjua kuhe akiwa kwenye sahani. Ni mkubwa kuliko wote wa ukoo wake duniani. Baba na mama hulinda vifaranga vyao pamoja, wamevizunguka, na mzamiaji akisogea wanamjia usoni bila woga. Nilimpiga jike akiwa ananitazama mimi moja kwa moja, na nyuma yake wingu la vifaranga visivyohesabika, vimefifia, kila kimoja jicho tu na uzi wa mwili. Haionyeshi rangi zake vizuri, na mnunuzi wa zamani angeitupa.

Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumzike na kuzaliana, mitumbwi ilikuwa imepandishwa mchangani na watu wamekaa. Wengine walilalamika, na njaa haina adabu. Nilikuwa naipitisha picha ya kuhe kwenye simu. Mvuvi mmoja mtu mzima, ambaye amemtoa kuhe majini maisha yake yote, aliivuta picha kwa vidole aione vizuri, akasema, "Kumbe na baba naye analea." Aliwaita wenzake. Hakuna bango wala hotuba niliyowahi kuiona ikiwakusanya watu wa mwaloni kimya namna ile.

Picha ya dagaa ndiyo iliyonipa shida. Dagaa hawaji mchana ukawapiga. Ilibidi niombe nafasi kwa wavuvi usiku wa giza, niingie majini mbali na nyavu zao, nielee chini ya taa. Chini yako hakuna sakafu, ni weusi unaoendelea. Dagaa wanapokuja, wanaanza kwa mmoja mmoja pembezoni mwa mwanga, kisha wanazunguka, na ghafla taa yote imezingirwa na fedha inayotembea. Walio hai si weupe kama tunavyowaanika. Mgongo wao unapenywa na mwanga, unaona mpaka uti wa mgongo, na ubavuni kuna mstari mmoja unaomulika kila wanapogeuka. Wakigeuka wote kwa pamoja, giza linawaka na kuzimika. Nilipiga kwa mwendo wa polepole wa kamera ili mistari ile iandike njia zake, na huwezi kujua umepata nini mpaka utoke.

Picha hiyo nilimpelekea mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi, ambaye tangu nikiwa mdogo namwona akianua mchangani mvua ikitishia. Alivaa miwani yake. "Hawa ni dagaa hawa hawa wangu, baba?" Nikamwambia ndio hao, Mama, kabla hawajatoka. Akaikalia kimya, akasema Mungu anajua kupamba hata asipopatazama mtu. Nilimwachia nakala. Ameiweka ndani ya mfuko wa nailoni kwenye nguzo ya kibanda chake, na wateja wakiuliza bei anawaonyesha kwanza.

Sisemi kwamba kila kilicho chini ni kizuri. Mvua zikinyesha, mito na makorongo hushusha udongo wa milima iliyokwisha miti, na mawe yanavikwa tope. Ukoga unakufa, na samaki wanaouparura wanahama au wanakufa nao. Ninayo picha ya jiwe moja lililogawanyika, nusu likiwa kijani na lina wakazi, nusu limefukiwa na liko tupu. Niliipanga fremu ili mpaka ule upite katikati. Nayo naihesabu kuwa sanaa, kwa kuwa inamfanya mtu asimame. Mifuko na chupa sizipigi picha za urembo.

Halafu kuna yale ambayo hatutayapata tena. Meli yetu ya Liemba, ilipokuwa bado ya Wajerumani na ikiitwa Graf von Goetzen, ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916 isitekwe, ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927. Meli nzima ilikaa chini ya maji haya! Kila ninapoiona bandarini najiuliza dirisha lake lilionekanaje likiwa na samaki ndani. Hakuna aliyekuwa na kamera ya kushuka nayo. Leo kamera zipo.

Kwa hiyo, Mhariri, ninayo maombi.

Gazeti lako lina kurasa za rangi. Zitengee picha za chini ya ziwa nafasi, hata mara moja kwa mwezi, zikiwa na jina la mpiga picha na mahali ilipopigwa, katika ukurasa wa sanaa na si wa utalii. Wenye mamlaka ya mji wetu nao nawaomba kuta. Stesheni yetu ya reli, ile ya Wajerumani, ina kuta ndefu, na kila anayeshuka treni kutoka Tabora na Dar es Salaam anapita pale. Mwalo wa Kibirizi una watu kuliko jumba lolote la maonyesho. Picha za dagaa na kuhe zitundikwe wanakopita wanaowavua na wanaowapika.

Na vijana wa studio za picha wa Mwanga na Ujiji, mnaoshinda mkipiga za paspoti na harusi, msisubiri vifaa vikubwa. Miwani ya kuzamia na simu iliyo kwenye kasha lisilopitisha maji vinatosha kuanza, maana mwanga bora wote uko kwenye mita chache za juu. Ulizeni wenyeji kwanza kama mahali pana mamba au nyoka wa maji. Msishuke peke yenu. Ringi ya mpira ya kasha isafishwe na kupakwa grisi kila mara. Unywele mmoja ukibanwa pale, kamera imekwenda. Asije mtu akakurupuka na mtungi wa hewa kwa kuwa aliuona kwenye video: ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hesabu za kupanda kutoka kilindini zinazotumika pwani hazifai hapa. Anayetaka kujifunza anikute Katonga. Sitoi cheti, lakini nitamfundisha kukaa kimya majini.

Nimekutumia pamoja na barua hii picha ya kitenge, ya kuhe, ya dagaa na ya kizingiti, zote kwa ukubwa wake kamili, na ruhusa za wahusika nimeziandika. Malipo sidai. Naomba tu zisikatwe pembeni ili zitoshee safu, na ile ya kizingiti msiiongezee mwanga.

Wako,
Mzamiaji na mpiga picha,
Katonga, Kigoma